Roketi ya chupa: kwanini yako inaishia usawa wa bati, na jinsi ya kuifanya ipande kweli

Mwezi huu nimetumiwa video nyingi za roketi za chupa na karibu zote ni video moja tu, imerudiwa na watu tofauti. Chupa imejazwa maji mpaka shingoni, mtu anapampu mpaka jasho linamtoka, pwaaa, chupa inafika usawa wa bati la nyumba, inakata kona, inarudi chini kichwa mbele na maji yake tumboni, madogo wanacheka. Afu swali linafuata: kaka nimekosea wapi?

Umekosea kwa kudhani maji ndo mafuta ya roketi. Sio. Mafuta ni hewa. Maji ni mzigo tu wa kutupa nyuma. Ukishalishika hilo nusu ya matatizo yako yameisha, nusu iliyobaki ni mkia mzito na kizibo kinachovuja, na hayo nayo tutayamaliza hapahapa.

Mi nafanyia Kigoma, kwenye kiwanja cha mpira upande wa Mwanga, na mpwa wangu wa darasa la sita na kundi lake. Historia siigusi, twende kwenye vitu.

VITU VYA KUTAFUTA KWANZA

- Chupa 2 za soda za plastiki za lita 1.5, zinazofanana. SODA, narudia, sio ya maji ya kunywa. Chupa ya soda imetengenezwa kubeba gesi, ukuta wake ni mgumu na kitako chake kina vifundo vitano vya mguu. Ya maji ni laini, ukiiminya inalia kwarakwara, hiyo itapasuka.
- Pampu ya baiskeli ya kusimama, ile ya kukanyagia miguuni, na lazima iwe na geji ya kusoma presha.
- Sindano ya kujazia mpira wa miguu.
- Kizibo cha gome cha chupa ya mvinyo. Ulizia mahotelini au baa kubwa, wanavitupa.
- Mpira wa hewa wa kompresa, mita 5, na klipu 4 za kukaza kwa bisibisi.
- Boksi gumu (la sabuni au la mafuta ya kula), solotepu pana, mkasi, wembe, rula, uzi.
- Udongo wa mfinyanzi kiasi cha ndimu moja.
- Kipande cha ndala iliyochoka.
- Fito 3 zilizonyooka za sentimita 70 hivi.
- Miwani yoyote ya kukinga macho, hata ya jua ya dukani.

Usitumie supagluu kwenye chupa, inaifanya plastiki iwe kavu na ivunjike kama glasi. Gundi ya kuyeyusha kwa moto nayo inalegeza ukuta. Solotepu inatosha, na wala usiipige chupa msasa ili tepu ishike vizuri, kila mkwaruzo ni mahali ambapo chupa itaanzia kupasuka siku ikichoka.

FIZIKIA KIDOGO KABLA HUJASHIKA MKASI

Nenda Kibirizi pale boti zinapofunga uangalie watu wanavyoshuka kwenye mitumbwi. Mtu akiruka kwenda nchi kavu mtumbwi unarudi nyuma kidogo ziwani. Akiruka mtu mzima unarudi sana, akiruka mtoto unarudi kidogo, na yule mzima akiruka kwa nguvu zaidi mtumbwi unarudi zaidi. Hiyo ndo roketi nzima. Mtumbwi ni chupa yako, mrukaji ni maji, na misuli ya miguu ya mrukaji ni hewa uliyoibana.

Sasa angalia. Chupa ya hewa tupu bila maji ni kama mtoto anaruka, ana miguu lakini hana uzito, mtumbwi hautikisiki sana. Chupa iliyojaa maji mpaka shingoni ni jitu zito lisilo na miguu, limekaa tu kwenye mtumbwi. Unachotaka ni mtu mzima mwenye miguu yenye nguvu, yani maji ya kutosha na hewa ya kutosha zaidi.

Tuweke namba maana kuna watu hawaamini bila namba. Ukijaza presha ya bar 3 (kwenye geji ni kama psi 44), maji yanatoka mdomoni kwa kasi ya kama mita 24 kwa sekunde. Hesabu yake: presha mara mbili, gawa kwa uzito wa lita elfu moja za maji ambao ni kilo 1,000, toa kipeuo cha pili. Bar 3 ni paskali 300,000, mara mbili ni 600,000, gawa 1,000 ni 600, kipeuo chake ni 24 na nusu. Ukigeuza kwa lugha ya barabarani ni kilomita 88 kwa saa.

Na nguvu ya kusukuma? Mdomo wa chupa una upana wa milimita 22 hivi kwa ndani. Kwa presha hiyo msukumo wa mwanzo unafika kama niutoni 228, ambao ni zaidi kidogo ya uzito wa dumu la maji la lita 20. Nguvu ya kubeba dumu zima imewekwa chini ya kitu chenye uzito wa gramu 650, na maji yake ndani! Ndo maana huioni ikiondoka. Nusu lita ya maji inaisha chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hujamaliza hata kupepesa jicho, na kinachobaki kupaa ni chupa tupu. Kumbuka hili la chupa tupu, litarudi hatua ya 4.

HATUA YA 1: CHAGUA NA KAGUA CHUPA

Ishike juani uizungushe. Ukiona mstari mweupe, mkunjo au mkwaruzo mrefu, hiyo iwe ya kukatwa kichwa hatua ya 3. Isiyo na doa ndo itabeba presha. Toa lebo kwa maji ya kawaida, yasiwe ya moto, maji ya moto yanaikunja chupa papo hapo.

Ukimaliza una chupa moja safi ambayo hujaikata, hujaichoma, hujaitoboa popote. Yenyewe haiguswi na kitu chochote chenye ncha kuanzia sasa mpaka inastaafu.

HATUA YA 2: MAPEZI

Nasema mapezi na sio mabawa kwa sababu kazi yake ni ileile ya mkia wa samaki, mgebuka kwa mfano, hayainui kitu, yananyoosha njia.

Kata vipande 3 vya boksi, kila kimoja kirefu sentimita 24, upana sentimita 9 upande wa chini na upande wa juu ukipungua kama tanga. Vifunge vyote kwa solotepu pande zote mpaka kingo, boksi likilowa limekwisha.

Roketi inakaa mdomo chini. Kwaiyo kila pezi linashika sehemu iliyonyooka ya chupa kwa sentimita 10 hivi, linalobaki linashuka kupita mdomo. Mdomo unatakiwa uwe juu ya ardhi kwa sentimita 6 au 7 maana mpira wa hewa utapita hapo chini.

Kuyapanga sawasawa usikadirie kwa macho. Zungushia ukanda wa karatasi kwenye chupa, kata pale unapokutana, ukunje uwe sehemu tatu zilizo sawa, rudisha uweke alama kwenye mikunjo na pale ncha zinapokutana. Mapezi mawili yakikaribiana kuliko la tatu roketi inaenda inaelemea upande mmoja.

Likiwa limekaa vizuri hivi: simamisha chupa juu ya meza, isitikisike, chungulia kutoka juu uone mapezi yamenyooka kama alama ya gari ya kifahari yenye nyota ya pembe tatu. Pezi lililopinda hata kidogo linaizungusha roketi, na nguvu iliyokuwa ya kupanda inaliwa na kuzunguka.

HATUA YA 3: KICHWA

Chukua chupa ya pili, kata mabega yake, ile sehemu ya juu inayopungua kuelekea shingo, afu ondoa shingo. Unapata koni. Weka ule udongo wa ndimu moja kwenye ncha kwa ndani, ukandamize, uache ukauke kidogo. Nje ya ncha funga kipande cha ndala cha mviringo kwa tepu. Koni inavalishwa kwenye kitako cha chupa kuu na kuzungushiwa tepu.

Ndala sio urembo. Kitu hiki kinarudi kutoka juu, na kikimpata mtu kichwani bora kimpate na ndala. Usiweke jiwe, betri, nati au kipande cha chuma kichwani, hata kama kinakaa vizuri, hata kama umekosa udongo.

HATUA YA 4: MIZANI (hapa ndo wengi mnaanguka)

Mshale wowote, wa kuwindia au wa kuchezea, uzito uko mbele na manyoya yako nyuma. Ukigeuza, uzito nyuma na manyoya mbele, mshale unageuka angani wenyewe. Roketi hivohivo.

Kuna pointi mbili. Ya kwanza ni pale roketi inapobalansi ukiiweka juu ya kidole, tuite pointi ya uzito. Ya pili ni pale upepo wote unaoipiga ubavuni unapokuwa kama umejumlishwa sehemu moja, tuite pointi ya upepo. Pointi ya uzito LAZIMA iwe karibu na kichwa kuliko pointi ya upepo. Ikiwa hivyo, roketi ikianza kuinama upepo unausukuma mkia urudi kwenye mstari. Ikiwa kinyume, upepo unaikuza ile kuinama na unapata ile kona mnayonitumiaga.

Namna ya kuzipata bila mashine:

Roketi ikiwa TUPU, bila maji, iweke juu ya kidole au ukingo wa rula mpaka itulie. Weka alama kwa kalamu. Kwanini tupu? Kwa sababu maji yanaisha sehemu ya kumi ya sekunde, safari nzima iliyobaki ni ya chupa tupu. Nimeona mtu anabalansi ikiwa na maji, ikakaa freshi kabisa mezani, angani ikapinduka.

Afu ilaze roketi juu ya boksi, chora umbo lake pembeni na mapezi yake, kata hilo umbo. Balansi hilo boksi juu ya rula. Hapo linapotulia ndo karibu na pointi ya upepo. Ukiyalinganisha na alama ya kwanza, alama ya uzito inatakiwa iwe mbele kwa upana wa chupa moja hivi, sentimita 9. Ikiwa chini ya hapo ongeza udongo kichwani kidogokidogo, au ongeza ukubwa wa mapezi. Mi naongeza mapezi kwanza, udongo ni mzigo unaobebwa mpaka juu.

Jaribio la mwisho: funga uzi wa mita 2 kwenye alama ya uzito, ubane kwa tepu usiteleze, zungusha roketi juu ya kichwa chako taratibu afu haraka. Ikienda kichwa mbele imefaulu. Ikienda mkia mbele au ikawa inajizungusha hovyo, rudi kwenye mapezi. Fanya hili nje, mpwa wangu alilifanyia sebuleni kwa dada na kilichotokea kwenye glasi za bi mkubwa sitaki kukumbuka.

HATUA YA 5: KIZIBO NA SINDANO

Kizibo cha mvinyo ni kirefu kuliko sindano, kata kwa wembe kibaki sentimita 3 hivi. Toboa katikati kwa msumari mwembamba kuliko sindano, afu ingiza sindano kutokea upande wa chini mpaka kitako chake kikae kwenye kizibo na kile kitundu cha ncha kitokeze juu kabisa. Kitundu kikibaki ndani ya gome hewa haipiti, utapampu mpaka kesho.

Kizibo ndo kinaamua roketi iondoke kwa presha gani. Hakuna swichi hapa. Kwa bar 3 hewa inakisukuma kizibo kwa nguvu kama uzito wa kilo 11 na kitu, na msuguano wa gome na shingo ndo unaoshindana nayo. Kizibo kikilegea kinachomoka kwenye bar 1, roketi haipandi sana. Kikikazwa sana hakichomoki na presha inazidi kupanda, hapo ndo hatari.

Kwaiyo: kizibo KIKAVU, shingo ya chupa kavu, ingiza kwa kusukuma huku unazungusha kwa mkono mpaka sentimita 2 zimeingia. Kwa mkono tu, sio kwa nyundo, sio kwa kupiga chini. Kikiwa chembamba zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi 2 au 3.

Kama umekosa gome kabisa, kata vidude vya duara kwenye ndala nene, vitatu vinapangwa kimoja juu ya kingine na sindano inapita katikati yake, inafanya kazi ila inachoka haraka.

Kupima uvujaji fanya kama fundi pancha. Chupa tupu, kizibo ndani, pampu mara mbili TU, zamisha shingo kwenye karai la maji. Povu likitoka pembeni ya kizibo, ongeza raundi ya tepu. Povu likitoka kwenye sindano, tundu ni pana. Ukae sekunde 30 bila povu hata moja ndo uendelee.

HATUA YA 6: MPIRA WA HEWA NA FITO

Mpira wa pampu kama ulivyonunuliwa hauzidi mita moja, maana yake anayepampu yuko juu ya roketi kabisa. Hapana. Mpelekee fundi pancha, akate mpira wa pampu katikati aunganishe zile mita 5 kwa vipande viwili vya bomba dogo la chuma, kila muungano klipu mbili. Mpira wa levo ule unaoonekana ndani msitumie, ukipata presha na jua unavimba.

Fito tatu zichimbie ardhini zikizunguka chupa, kila moja ipite katikati ya mapezi mawili, ziiguse chupa kwa mbali ili iteleze bila kubanwa. Hizi zinaishika kwa ile sentimita 50 ya kwanza ambapo bado haina kasi na mapezi hayajapata upepo wa kufanyia kazi.

HATUA YA 7: KIASI CHA MAJI

Nusu lita. Chupa ya lita 1.5, maji nusu lita, theluthi moja.

Najua unataka kuongeza. Sikiliza kwanza kinachotokea ukiweka lita 1.2. Hewa iliyobaki ina nafasi ya mililita 300 tu. Ukiijaza bar 3 afu ukaiachia, itatanuka mpaka kama mililita 800 ikiwa imeishiwa nguvu, yani itakuwa imesukuma nje kama nusu lita ya maji na basi. Zile mililita 700 zilizobaki zinabaki tumboni, roketi imezibeba bure na inarudi nazo chini. Hiyo ndo video yako.

Kwa nusu lita, hewa ina nafasi ya lita nzima. Inasukuma maji yote nje na bado ina presha, na hiyo hewa iliyobaki inatoka kwa mpigo wa mwisho, teke la ziada la bure. Utaujua huo mpigo, ukiokota chupa baada ya kutua utaikuta ya baridi na ndani kuna ukungu mweupe. Hewa iliyotanuka ghafla inapoa, unyevu wake unageuka mawingu ndani ya chupa. Madogo wangu wanagombania kuishika kwanza kwa ajili ya huo ukungu.

Pima kwa chupa ya maji ya nusu lita, usikadirie. Mimina ikiwa mdomo juu, ingiza kizibo, afu ndo uigeuze na kuisimamisha kati ya fito.

HATUA YA 8: KIWANJA NA UPEPO

Kiwanja wazi, hakuna nyaya, hakuna bati, na kwa watu wa Ujiji, mbali na miembe. Watazamaji wawe mita 10 au zaidi, wote wakiwa wamesimama na wanaangalia, hakuna kugeuza mgongo.

Kuhusu upepo kuna kitu kinachanganya watu. Ukirusha karatasi inaenda upepo unakokwenda. Roketi hii wakati inasukumwa inafanya kinyume, inageuza kichwa kuelekea upepo UNAKOTOKA, kwa sababu mkia wenye mapezi ndo unasukumwa zaidi. Hapa kwetu mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Unaona inavyoishia? Roketi yangu ya pili niliirushia karibu na ufukwe saa 9 alasiri nikijiambia upepo utaileta mjini, ikalala kuelekea ziwani kama inaitwa na mtu, ikatua majini mita 20 na kitu. Kijana mmoja wa mtumbwi ndo aliniletea, "mzee hili dude lako?", na akataka soda yake.

Kwaiyo rusha asubuhi saa 1 mpaka saa 3 kabla ziwa halijaanza kupuliza, na simamisha fito wima. Ukiinamisha, iname kidogo sana kuelekea upande usio na watu.

HATUA YA 9: KUPAMPU NA KURUSHA

Miwani usoni. Mtu mmoja tu anapampu, akiwa mwisho wa ule mpira wa mita 5. Mtu wa pili anasoma geji kwa sauti.

Pampu kwa mwendo mmoja. Utaona mapovu yanapanda ndani ya maji kila unapobonyeza, hiyo ni dalili nzuri, hewa inaingia. Maji yakidondoka kwenye kizibo, acha, rudi hatua ya 5.

Usihesabu mipampu ya video ya mtu wa Dar. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwaiyo hewa ya Kigoma ni nyepesi, presha yake iko chini ya ile ya pwani kwa karibu asilimia 9, na Tabora kwenye mita 1,200 hivi ni kama asilimia 13. Kila mpampu unakamata hewa kidogo zaidi. Wa Tabora mtapampu zaidi, ni kawaida, pampu yenu haijafa. Soma geji tu.

Kizibo kizuri kinaachia kati ya psi 30 na 44. Ikifika 44 haijaondoka, SIMAMA. Mara ya kwanza mpwa wangu kukutana na hili akawa ameshaanza kutembea kwenda kuiangalia, "mjomba, imekufa hii", nikapiga kelele ambayo nadhani Gungu waliisikia. Haijafa, imebeba dumu zima la nguvu na inasubiri kutikiswa. Hesabu mpaka 60 bila mtu kusogea, afu ulegeze mpira upande wa PAMPU, hewa itoke yote na geji isome sifuri, ndo mtu anasogea.

Na jambo moja nalisema kwa ukali: usiipeleke chupa kwa jamaa wa kujaza upepo pikipiki. Kompresa yake inaweza kuwa na bar 8, inajaza chupa sekunde mbili, hakuna wa kusema simama. Vijana wawili walikuja kuniomba niwaelekeze hiyo njia kwa sababu pampu inachosha. Inachosha ndio, ndo vizuri.

Ikiondoka vizuri utasikia mlio mmoja mkavu, paa, sio pssss ndefu. Pale chini kunabaki dimbwi na kizibo kikiwa bado kwenye mpira, na wewe utakuwa umelowa miguu. Roketi inapanda imenyooka, inasita juu, inageuka kichwa chini na kushuka. Mtu mmoja kazi yake iwe kuiangalia tu na kupaza sauti inapoangukia, na hakuna anayekimbia kuidaka.

HATUA YA 10: PIMA ULIPOFIKA

Njia rahisi, saa ya simu. Anza inapoondoka, simamisha inapogusa ardhi. Zidisha sekunde zenyewe kwa zenyewe afu mara 1.2, unapata mita kwa kukadiria. Sekunde 4 ni kama mita 19, sekunde 5 ni mita 30. Zangu nyingi zinacheza mita 20 mpaka 30, kwahiyo ukipata sekunde 4 na nusu mwanzoni wewe ni fundi tayari.

Njia ya pili, kwa walimu: protrakta kutoka kwenye mkebe wa hesabu, uzi wenye nati unaoning'inia katikati yake. Simama hatua 30 za mita moja kutoka kwenye fito, ifuate roketi kwa ukingo wa protrakta mpaka inaposita. Ikisoma nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi, urefu ni mita 30 ongeza urefu wa macho yako.

Andika kwenye daftari: maji kiasi gani, psi ngapi ilipoachia, sekunde ngapi. Ukitaka kuboresha badilisha kitu KIMOJA kwa kurusha mara tatu, maana kizibo chenyewe kinabadilika mkono kwa mkono na kurusha mara moja hakukuambii kitu. Anza na maji, mililita 400, 500, 600, uone mwenyewe juu panapatikana wapi kwa chupa yako.

Baada ya kila kurusha iangalie chupa juani kama hatua ya 1. Ikipata mkunjo ilipoangukia, au weupe popote, ikate iwe koni ya roketi inayofuata. Mi zangu naziandika alama ya kalamu kila zinaporuka, zikifika 10 zinastaafu hata kama zinaonekana nzima. Kizibo kikianza kuachia chini ya psi 25 ongeza raundi ya tepu, na ukishafika raundi ya nne tafuta kizibo kingine.